Binti Aliyepata Sifuri ya Themanini

Sifuri.

Si ishirini. Si kumi. Si hata moja ya kumwonea huruma. Sifuri ya themanini.

Nina miaka sitini na tisa na nimeona vituko vingi. Lakini binti aliyekaa kwenye kiti, akajibu maswali themanini bila kuruka hata moja, na yote themanini akayakosa, huyo nimemwona mara moja tu.

Na aliyemsahihishia ni mimi.

Kaeni vizuri wajukuu zangu. Kisa hiki kina aibu ndani yake, na mkifika mwisho mtajua aibu ilikuwa ya nani.

Mimi shule niliishia ya msingi. Kusoma najua, kuhesabu najua, na barua nikiandika inafika. Mtoto wangu wa mwisho ndiye aliyekwenda mbele, akawa mwalimu wa sekondari. Basi kila Jumamosi sebule yangu hugeuka darasa.

Vijana sita wa mwaka wa mwisho huja kujiandaa na mtihani wa kuingia chuo kikuu. Tunasogeza makochi ukutani, tunapanga viti vya plastiki kuzunguka meza ya chakula, ubao tunauegemeza kwenye kabati la vyombo.

Mwalimu anafundisha. Mimi napika chai, nasimamia nidhamu, na wakati wa mapumziko natega vitendawili. Hicho ndicho cheo changu na sijaomba kingine.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Anakula makosa ya wenzake mpaka anakwisha."

Pale mezani kuna kijana tunamwita Redio, maana mdomo wake hauna kitufe cha kuzimia. Akawahi.

"Polisi!"

"Umekosa."

"Mke wa mjomba wangu!"

Wenzake wakaangua kicheko. Mimi nikajitia kukasirika. Kisha sauti ndogo ikatoka pembeni, utadhani imeomba ruhusa kwanza.

"Raba."

Huyo ndiye Kimya. Jina lake la kweli analo, lakini hata mwalimu alikuwa amelisahau. Binti wa fundi seremala ambaye karakana yake imepakana na ukuta wangu. Ukimwuliza kitu, anakutazama kwanza, anapima, ndipo anatoa neno moja. Mara nyingi ndilo lenyewe.

Siku nyingine nikawategea hiki:

"Watoto wanne wa mama mmoja. Watatu waongo, mmoja mkweli, na wote wanne wanaapa."

"Hapo ni nyumbani kwetu kabisa," akasema Redio.

Nikawaambia, "Ni huo mtihani wenu! Swali moja, majibu manne, na kila jibu limevaa suti. Mnahangaika kumtafuta mkweli, naye anafanana na waongo. Mimi ningekuwa nyinyi ningeanza na yule mwongo mkubwa, asiye na haya. Zungukeni mtaa mzima, kila nyumba mkamateni mwongo wake mkuu. Mkirudi mara ya pili, mtakuta waliobaki wameshaanza kutetemeka."

Mwalimu alikuwa anafuta ubao. Akageuka.

"Mama, hicho nimewafundisha wiki tatu hawajanielewa."

"Hukuwawekea chumvi," nikamjibu.

Kimya hakucheka. Alikuwa anaandika.

Sasa sikilizeni kilichokuwa kinamngoja huyo binti.

Baba yake, fundi, ni mtu mwema ila ana msimamo wa mbao ngumu. Hakuna aliyewahi kufika chuo katika ukoo wao, naye aliona ni kumpotezea mtoto miaka. Shangazi ya binti ana saluni, alitaka msaidizi. Mwalimu akambembeleza fundi mpaka akakubali jambo moja.

"Mnafanya mtihani wa majaribio Jumamosi? Haya. Akipata sitini, nasaini fomu ya kumsajili mtihani wa kweli. Asipopata, Jumanne anaanza saluni, na kesi imefungwa."

Usajili ulikuwa unafungwa Jumatatu, saa kumi jioni.

Hakukuwa na siku ya ziada. Hakukuwa na mwakani.

Jumamosi ikafika. Mwalimu alikuwa ameazima karatasi za maswali kwa mwenzake wa shule nyingine, na sharti lilikuwa zirudi safi, zisiguswe hata na nukta ya penseli. Kila mmoja akapewa karatasi ya majibu yenye viduara, na nusu karatasi ya kukokotolea. Raba ilikuwa moja, ya kupokezana.

"Ukijaza viduara viwili kwenye swali moja, swali limekufa," mwalimu akawakumbusha. "Masaa matatu. Ni saa tatu kamili. Anzeni."

Akaweka simu yake mfukoni, akakusanya za kwao zikiwa zimezimwa, akazifungia kabatini. Alikuwa na kikao shuleni kwake. Akaniachia usimamizi.

Wallahi, nilijiona waziri.

Nilivaa gauni la kutokea. Nikakaa kwenye ncha ya meza, kifuniko cha sufuria mkononi na kijiko pembeni, ndiyo kengele. Redio alipojaribu kuninong'oneza nimsaidie swali la saba nikamtolea jicho, akarudi kwenye karatasi yake.

Kulikuwa kimya. Kilichosikika ni penseli tu, na ule msumeno wa umeme wa fundi nyuma ya ukuta, ambao sisi tumeuzoea hatuusikii tena.

Saa ya ukutani ilipofika saa sita kamili, nikagonga kifuniko.

"Kalamu chini!"

Wee! Vilio vilivyotoka pale ungedhani nimetangaza msiba.

"Bibi, bado maswali kumi na tano!"

"Bibi, dakika moja tu!"

"Saa leo imepanda pikipiki!" akalia Redio.

"Kalamu chini nimesema! Mlikuwa mnachezea raba. Chuo kikuu watawasubiri?"

Kimya peke yake hakulia. Aliinua macho, akatazama ukuta wa upande wa karakana. Akanitazama mimi. Mdomo ukafunguka kidogo.

Ukafungika.

Akanipa karatasi yake kwa mikono miwili.

Nikawamiminia chai, nikawapoza na vitendawili vitatu vinne, ndipo nikawarudishia simu zao, wakaondoka wamenyong'onyea.

Kusahihisha ni kazi ninayoiweza. Mwalimu alitengeneza kadi ngumu yenye matundu themanini. Unailaza juu ya karatasi ya majibu. Tundu likionyesha weusi, amepata. Likionyesha weupe, amekosa. Ni kazi ya macho.

Redio, hamsini na nane. Mwingine hamsini na tatu. Mwingine sitini na moja.

Nikalaza kadi juu ya karatasi ya Kimya.

Nyeupe. Nyeupe. Nyeupe.

Nikafikiri nimeigeuza kadi juu chini. Nikatazama pembe yake, iko sawa. Nikavaa miwani. Nikavua miwani. Nikatembeza kidole tundu hadi tundu mpaka la themanini.

Nyeupe tupu.

Mwalimu aliporudi nikamwonyesha karatasi ya Kimya. Akaikagua mara mbili. Kila swali lilikuwa na alama moja, nukta ndogo, hafifu.

"Hata penseli yake inanong'ona," akasema. Kisha akakaa chini. "Mama, hii haiwezekani."

"Iko hapa mbele yako."

"Mjinga wa kweli angepata ishirini. Kuku akidonoa hii karatasi anapata ishirini! Ili ukose yote themanini, lazima uyajue yote themanini."

Tukatazamana.

Hatukupata nafasi ya kuwaza zaidi. Hodi ikapigwa, fundi huyo mlangoni, maranda yamemganda kwenye nywele.

"Vipi mwalimu? Ngapi?"

Mwalimu akaanza kuzungukazunguka, mara mazingira, mara presha.

"Mwalimu, nimeuliza ngapi. Mimi nikipimiwa mbao naambiwa futi."

"Sifuri."

Fundi hakufoka. Afadhali angefoka. Alijipangusa maranda polepole, akasema, "Nilijua. Asanteni kwa kumjaribu," akaondoka.

Usiku ule niliitoa tena ile karatasi, nikaitazama. Neno la mwalimu lilikuwa linanizunguka kichwani. Lazima uyajue yote.

Jumapili mchana nikaenda kwa fundi. Mwenyewe alikuwa ametoka. Nikamkuta Kimya nyuma ya karakana anafagia maranda, macho yamevimba.

Nikakaa juu ya gogo.

"Mjukuu wangu, uliandika nini jana?"

Akanitazama. Akapima.

"Niliwakamata waongo, bibi."

"Waongo gani?"

"Ulivyotufundisha. Nilizunguka mtaa mzima. Kila swali nikamwekea nukta mwongo wake mkubwa. Karatasi ya maswali haikuruhusiwa kuchafuliwa, nikaziweka kwenye ya majibu, kidogo kidogo, nije nizifute."

Nikasogea karibu yake.

"Na wakweli?"

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ile nusu karatasi ya kukokotolea, imekunjwa mara nne. Ilikuwa imejaa namba na herufi kwa mwandiko wa sisimizi. Moja mpaka themanini.

"Nilikuwa nimemaliza wote. Nilikuwa nangoja raba, Redio alikuwa nayo. Kwa hesabu yangu zilibaki kama dakika ishirini. Zingetosha."

"Ishirini? Binti, niligonga saa sita kamili!"

Akainama. Akafagia mahali ambapo tayari palikuwa safi.

"Sema."

"Bibi..."

"Sema, sitakula mtu."

"Ulipogonga, msumeno wa baba ulikuwa bado unalia. Baba anauzima saa sita, taarifa ya habari ikianza redioni. Kila siku. Hajawahi kuupitisha wala kuuwahisha. Jana uliendelea muda mrefu baada ya wewe kusema kalamu chini. Ulizima tunakunywa chai."

Nikakaa pale juu ya gogo kama niliyemwagiwa maji.

Maana saa yangu ya ukutani, wajukuu zangu, ilikuwa mbele dakika ishirini.

Niliisogeza mwenyewe kwa mkono huu, mwaka ambao mwalimu alikuwa mwanafunzi na kila asubuhi anachelewa shule. Tangu hapo kila mtu nyumbani akiitazama anatoa ishirini kichwani bila hata kujua anatoa. Nami nilikuwa natoa. Ila siku ile nilikuwa msimamizi! Nilikuwa na gauni la kutokea! Nilisema leo nafuata saa kama ilivyo, nisije nikaonekana napendelea watu.

Mwalimu alianzisha kwa simu yake. Mimi nikamalizia kwa saa yangu ya uongo.

"Kwa nini hukuniambia palepale?"

Akanijibu jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona haya.

"Bibi, wewe ni mtu mzima. Ningekuambia nini?"

Sikwenda nyumbani. Nikamngoja fundi palepale mpaka akarudi. Alipoona nimekaa kwenye gogo lake akapumua kwa nguvu.

"Shikamoo mama. Kama umekuja kumtetea, nakuomba tu usijichoshe."

"Marahaba. Sikuja kumtetea mtu. Nimekuja kujishtaki."

Akakaa.

"Jana ulizima msumeno saa ngapi?"

"Saa sita. Kama siku zote."

"Kabla hujauzima, ulisikia kifuniko cha sufuria kinagongwa kwangu, na watoto wanalia?"

Akafikiri. "Nilisikia. Nilikuwa naanza mguu wa tatu wa meza. Nikajisemea, huko leo kuna fujo gani."

"Ukamaliza huo mguu?"

"Huo, na wa nne. Ndipo habari zikaanza."

"Basi fundi, ile miguu miwili ya meza ilikuwa ni muda wa mtoto wako. Niliukata mimi."

Nikamweleza yote. Saa, raba, waongo, nukta. Nikampa ile nusu karatasi. Akaigeuzageuza kwa vidole vyake vinene.

"Mama, nakuheshimu. Lakini hii angeweza kuiandika hata leo asubuhi. Mimi nikiambiwa kabati limetengenezwa vizuri, navuta mlango."

"Vuta basi," nikamwambia. "Kesho asubuhi. Maswali mengine, mbele ya macho yako. Na muda ushike wewe."

Fundi akamtazama binti yake, aliyekuwa amesimama na fagio.

"Sitini," akasema.

"Sitini," nikasema.

Jumatatu saa mbili asubuhi, sebuleni kwangu. Mwalimu akatoa seti nyingine ya maswali, kisha akakimbilia kazini, akaniachia na kadi ya matundu ya seti hiyo. Kimya mezani, penseli mbili, na safari hii raba yake mwenyewe. Fundi kwenye kiti cha plastiki kilichokuwa kinalalamika chini yake, simu imesimamishwa mbele yake kwenye kikombe.

Mimi nilihamishiwa jikoni. Kwa haki kabisa.

Nilichungulia mara kumi. Fundi hakutikisika. Alikuwa anaogopa hata kukohoa. Mara moja nzi alitua kwenye karatasi ya binti, nikaona lile jitu zima linanyanyuka, linamfukuza nzi kwa kofia, taratibu, kwa kunyata, likarudi kukaa.

Hapo nikajua moyoni tayari amesaini, imebaki kalamu tu.

Dakika ishirini kabla ya mwisho Kimya akashika raba. Akafuta. Akafuta. Vumbi la raba likarundikana kama maranda madogo. Kisha akaanza kujaza viduara, na safari hii penseli haikunong'ona.

"Muda," akasema fundi.

Nikalaza kadi. Fundi akasimama nyuma yangu, namsikia anavyopumua.

Nyeusi. Nyeusi. Nyeusi. Nyeupe moja. Nyeusi...

"Sabini na moja," nikasema.

"Hebu." Akanipokonya kadi. Akahesabu mwenyewe, kidole kinapita tundu hadi tundu, midomo inacheza. Alipomaliza akarudia tena kuanzia juu.

"Sabini na moja," akasema.

Kisha akavuta penseli bapa ya useremala kutoka nyuma ya sikio, akataka kuisaini fomu.

"Baba," akasema Kimya. "Wanataka wino."

Fomu ilifika saa nane mchana. Kabla ya saa kumi, kwa saa ya kila mtu.

Jumamosi iliyofuata niliwasimamisha wale vijana sita nikawaambia ukweli wote, maana mwalimu alikuwa amewaita konokono kwa maswali waliyoacha. Redio akainuka kwa heshima zote, akasema, "Bibi, mimi nilisema saa imepanda pikipiki, nikaambiwa nachezea raba. Naomba fidia ya maandazi." Akapewa.

Saa nayo nikairudisha nyuma, iseme kweli. Matokeo yake? Nyumba nzima iliendelea kutoa ishirini. Mwalimu alichelewa kazini siku tatu mfululizo, nami nikachelewa kliniki.

Lakini asubuhi ya mtihani wa kweli ndiyo niliyoipenda kuliko zote.

Walipita kwangu wote sita kuniaga, na wazazi wao nyuma. Nami nikatoka barazani kuwapa nasaha, sauti ya juu, mkono hewani kama mgombea. Nimefika katikati ya hotuba nikasikia:

"Bibi."

Ni Kimya. Watu wote wakageuka.

"Naam, mjukuu wangu."

"Sweta umefunga vifungo kombo."

Nikajitazama. Upande mmoja uko shingoni, mwingine unaning'inia magotini!

Fundi akataka kumkemea, nikamzuia kwa mkono. Nikacheka mpaka nikashika nguzo. Yeye akasogea, akanifungua vifungo kimoja kimoja, akanifunga upya vizuri mbele ya umma, kisha akaenda zake kwenye mtihani, kichwa juu.

Alipasi. Anasomea ujenzi wa madaraja, na fundi hawezi kukuuzia hata stuli bila kukueleza habari hizo.

Sasa neno langu ni dogo, na ni kwa wazee wenzangu kwanza. Mtoto akinyamaza mbele yako, usijipongeze haraka kwamba umemlea vizuri. Muulize anaona nini. Huenda ameona kitu ambacho wewe, kwa kukalia cheo chako, hukioni.

Na nyinyi wajukuu, heshima haiwakatazi kusema. Semeni polepole, semeni kwa adabu, ila semeni. Sisi wazee tunakosea sawasawa na nyinyi. Tofauti ni kwamba sisi hakuna anayetuambia.